Mapokezi ya Askari Wazee katika Ukumbusho wa Vita, Washington

Desturi nitakayoieleza katika makala haya ni changa. Haijatimiza miaka thelathini. Ni desturi ya watu wa hiari, wake kwa waume, wasiolipwa mshahara wala posho, kusimama katika ukumbusho wa Vita Kuu ya Pili mjini Washington, Marekani, kuwapokea askari wazee waletwao kutoka majimbo ya mbali, kuwapa mkono, kuwauliza majina yao na kuwapiga picha. Kwa mpita njia jambo hili ni dogo. Mimi mwenyewe nililiona dogo siku ya kwanza. Nilikuwa mwanafunzi wa isimu katika nchi ile, na nilikwenda pale Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, mwaka 2014, kwa kuwa mwenzangu wa chuoni alikuwa mmoja wa wapiga picha hao, naye alihitaji mtu wa kumshikia daftari. Daftari lile ndilo lililonifanya nilifikiri jambo hili mpaka leo, kama itakavyoonekana mbele.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba ukumbusho wenyewe ulichelewa mno. Vita ilikwisha mwaka 1945, na kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini mji mkuu wa Marekani haukuwa na jengo la kuwakumbuka watu wote walioshiriki katika vita ile. Mwaka 1987 askari mmoja wa zamani, Roger Durbin wa jimbo la Ohio, alimwuliza Marcy Kaptur, aliyekuwa mbunge wa sehemu yake, swali lisilo na mapambo: ukumbusho wa vita yetu uko wapi? Walikuwa katika karamu ya samaki wa kukaanga, mahali ambapo watu hawatazamii kuanzishwa kwa mambo makubwa. Kaptur alipeleka mswada Bungeni mwaka ule ule. Mswada ukakwama, ukarudishwa tena na tena, na haukutiwa sahihi na Rais Clinton mpaka mwaka 1993. Durbin alifariki mwaka 2000, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Ukumbusho ulifunguliwa kwa watu wote tarehe 29 Aprili 2004, na sherehe ya kuuweka wakfu ikafanywa mwezi mmoja baadaye, tarehe 29 Mei. Swali la mtu mmoja lilichukua miaka kumi na saba kujibiwa, na mwenye swali hakulisikia jibu.

Jengo lilibuniwa na Friedrich St. Florian. Lina nguzo 56 za mawe ya itale, moja kwa kila jimbo na kila nchi iliyokuwa chini ya Marekani wakati wa vita, na Visiwa vya Philippines vimo. Lina matao mawili makubwa, moja la Bahari ya Atlantiki na moja la Bahari ya Pasifiki, na katikati pana birika la maji. Upande wa magharibi upo ukuta wenye nyota 4,048 za rangi ya dhahabu. Kila nyota ni Wamarekani mia moja waliokufa au kupotea. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hii: nyota moja, watu mia moja, wala hapana jina hata moja.

Hivyo jengo likapatikana, lakini wenyewe hawakuwako. Wamarekani waliovaa sare katika vita ile walikuwa yapata milioni 16. Ulipofika mwaka 2004 wengi wao walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki walikuwa wazee wa miaka themanini na kuendelea, waliotawanyika katika nchi pana, wengine wakitembea kwa magongo, wengine wasiotembea kabisa. Earl Morse, aliyekuwa rubani na nahodha mstaafu wa jeshi la anga, alifanya kazi katika zahanati ya askari wa zamani mjini Springfield, Ohio. Aliwauliza wagonjwa wake kama watakwenda kuuona ukumbusho wao. Wakasema watakwenda. Baada ya miezi michache aliwauliza tena, akatambua kwamba hawatakwenda kamwe. Nauli hawana, na mwili hauwawezeshi. Ndipo alipojitolea kumchukua mmoja wao kwa ndege ndogo, bure. Kisha akawaeleza marubani wenzake jambo lile, akiwapa masharti mawili: mzee asilipe hata senti moja, na rubani mwenyewe ashinde na mzee wake siku nzima, asimtue kama mzigo akaondoka. Mwezi wa Mei 2005 ndege ndogo sita ziliwapeleka wazee kumi na wawili. Mwaka uliofuata Jeff Miller wa North Carolina alianza kukodi ndege kubwa za abiria kwa kazi ile ile, na mwaka 2007 juhudi hizo mbili ziliunganishwa chini ya jina la Honor Flight. Tangu hapo wamekwisha kupelekwa wazee zaidi ya laki mbili.

Sharti la pili la Morse ndilo ninaloliona kuwa roho ya desturi hii. Kila mzee husafiri pamoja na msindikizaji, naye msindikizaji hujilipia nauli yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu hulipa fedha apate nafasi ya kusukuma kiti cha magurudumu cha mzee ambaye pengine hakumjua wiki moja kabla. Katika viwanja vingi vya ndege magari ya zimamoto hurusha maji yakafanya tao juu ya ndege iingiapo. Katika safari ya kurudi jioni wazee huitwa majina mmoja mmoja, wakagawiwa barua, kama walivyogawiwa kambini zamani; barua hizo zimeandikwa na jamaa zao na watoto wa shule bila wao kujua. Mwenzangu aliniambia kwamba wazee waliostahimili siku nzima bila ya chozi hushindwa hapo.

Miongoni mwa wapokezi alikuwamo Bob Dole. Mtu huyu alijeruhiwa vibaya nchini Italia mwezi wa Aprili 1945, mkono wake wa kuume ukalemaa maisha, na baadaye akawa seneta wa Kansas, na mwaka 1996 akagombea urais bila ya kufaulu. Yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kuchangisha fedha za ujenzi. Ukumbusho ulipokwisha hakuona kwamba kazi yake imekwisha. Kwa miaka mingi alifika pale siku za Jumamosi, akakaa kitini, akawasalimu wazee mmoja baada ya mmoja, akawauliza watokako, akapigwa picha nao. Alifariki tarehe 5 Desemba 2021, umri wake miaka 98, na kabla ya kuzikwa jeneza lake lilisimamishwa katika ukumbusho ule ule. Wako watu wengi wakubwa waliofungua majengo. Wachache ndio waliorudi kukaa mlangoni kama wenyeji.

Sasa nieleze namna kazi yenyewe inavyofanywa, kwa kuwa hapa ndipo mtu wa lugha anapopata mengi ya kutazama. Basi husimama, watu wa hiari hupanga safu mbili, na mzee hupita katikati. Huambiwa, "Ahsante kwa utumishi wako." Maneno haya kwa Kiingereza chao yametumika mno hata yamechakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi, na nimewasikia wazee wasioyapenda. Nikijaribu kuyaleta katika Kiswahili, naona yanapwaya. Utumishi wetu una harufu ya mtumishi na bwana wake. Lakini ipo salamu ya pili, nayo ni nzito zaidi: "Karibu nyumbani." Salamu hii hupewa hasa askari waliopigana Vietnam, ambao siku hizi ndio wengi katika safari hizo, kwani wa Vita Kuu ya Pili walio hai katika Marekani yote hawafiki tena laki moja. Niliposikia mtu wa miaka sabini akikaribishwa nyumbani katika mji asiokaa, nilidhani mwanzoni kwamba ni kosa la matumizi. Mwenzangu akanifahamisha. Kwetu mgeni hubisha hodi, ndipo aitikiwe karibu. Askari wa Vietnam walirudi mmoja mmoja, si kwa vikosi, katika nchi iliyogawanyika kwa ajili ya vita ile. Walibisha hodi, na wengi wao husema hawakuitikiwa. Karibu ile ni jibu la hodi iliyokaa mlangoni miaka arobaini. Nimeona mtu akiisikia akasimama, akashindwa kusogea, na safu nzima nyuma yake ikangoja.

Baada ya salamu ni picha. Mwenzangu alikuwa na utaratibu wake. Kwanza hupiga picha ya kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa mzee, ili baadaye uso usije ukapotezana na jina lake. Kisha hupiga uso wenyewe. Kisha mzee husukumwa mpaka kwenye nguzo ya jimbo lake, akapigwa picha ya tatu chini ya jina la jimbo lililochongwa katika jiwe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika: namba ya picha, jina, jimbo, kikosi, mahali alipopigana, na anwani ya kupelekewa. Saa ya kwanza niliharibu majina mengi. Marekani ni nchi ya majina ya Kipolandi, Kiitaliano, Kijerumani na mengine chungu nzima, na sikio langu halikuyazoea. Mwenzangu alitazama daftari, akanikataza kuandika kwa kusikia. "Mwombe akutajie herufi moja moja," akasema, "hawachoki." Kweli hawakuchoka. Wengine walitaja herufi kwa mtindo wa jeshi, kila herufi na neno lake, na nikaona kwamba kule kutajiwa na kuandikiwa jina kuliwapendeza kuliko picha yenyewe.

Sitakaa juu ya misukosuko ya desturi hii. Tarehe 1 Oktoba 2013 ofisi za serikali ya Marekani zilifungwa kwa ugomvi wa bajeti, ukumbusho ukawekewa vizuizi, na wazee waliotoka Mississippi wakaingia hivyo hivyo vizuizi viliposogezwa. Wanasiasa waligombania heshima ya kuonekana nao. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020 na sehemu ya 2021, safari zilisimama, na wazee wengi waliokuwa katika orodha ya kungoja hawakuishi kuzisubiri. Hasara hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, ingawa magazeti yaliiandika ya kwanza zaidi.

Jambo la majina linastahili neno zaidi. Si mbali na nyota zile 4,048 upo ukuta mweusi wa askari wa Vietnam, uliobuniwa na Maya Lin na kuwekwa wakfu Novemba 1982, wenye majina zaidi ya 58,000, yamepangwa kwa siku mtu aliyokufa wala si kwa cheo. Watu huligusa jina kwa kidole, huweka karatasi juu yake wakasugua kwa penseli, wakaondoka nalo. Katika ukumbusho wa vita ya Korea, uliokuwa na sanamu 19 za askari tangu mwaka 1995, uliongezwa mwaka 2022 ukuta wenye majina ya Wamarekani zaidi ya 36,000, na ya Wakorea zaidi ya 7,000 waliopigana pamoja nao. Haukupita muda ikagunduliwa kwamba mamia ya majina yameandikwa vibaya. Watu wa nje waweza kucheka. Aliyepata kushika daftari hacheki.

Na hapa sina budi kurudi pwani yetu, kwani si haki mtu aliyetoka Dar es Salaam kuzisifu nguzo za Washington kana kwamba kwao hakuna ukumbusho. Upo, na ni wa zamani kuliko ule kwa miaka 77. Sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson, ilisimamishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1927: askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Nairobi ina sanamu zake tatu, mojawapo ya mpagazi, na Mombasa ina zake. Maandishi ya Dar es Salaam ni ya Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chake kimeandikwa kwa hati mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwapeleka wanafunzi wetu kulitazama. Kiingereza chake kilitungwa na Rudyard Kipling. Maandishi yanawataja askari, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi: ya kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo imechongwa katika ukumbusho usio na jina hata moja. Lugha yenyewe imesaidia kulificha jambo hili. Neno askari kwetu humtaja mwanajeshi, humtaja polisi, humtaja na mlinzi wa duka usiku. Ukisema "Sanamu ya Askari" hujamtaja mtu. Tena haikuwa bahati mbaya. Waingereza waliandika wapagazi yapata milioni moja katika vita ya 1914 hadi 1918 upande huu wa Afrika, na waliokufa, kwa hesabu za serikali yenyewe, walikuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Mwanzo wa miaka ya 1920 wakuu wa serikali na tume ya makaburi ya vita waliona kwamba wapagazi hawana haja ya kaburi lenye jina, na kwamba makaburi yao makubwa, ya Dar es Salaam yakiwamo, yaachwe yarudi kuwa pori. Tume hiyo ilikiri mwezi wa Aprili 2021, katika taarifa iliyoichapisha yenyewe, kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Kwa upande wa ukumbusho ulio hai zaidi, yametokea machache: Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town ukumbusho wa zaidi ya wanaume 1,700 weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika kazi za vita ile ya kwanza, wengi wao katika nchi zetu hizi, na kila mmoja ana mti wake wenye jina lake. Kwetu lililosalia kwa wapagazi ni tamko moja, Kariakoo, ambalo Dar es Salaam na Nairobi zimelitoa katika jina la Kiingereza la kikosi chao. Mnunuzi wa vitunguu hulitamka kila siku bila kujua kwamba anawataja wafu.

Vita ya pili ilikuwa afadhali, na haifai kulificha hilo. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Walikwenda Habeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma, ambako divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 mpaka mto Chindwin. Waliokufa wasizikwe waliandikwa majina: wengine kule Burma, wengine katika makaburi ya vita ya Nairobi, ambako wamo askari waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 walipokuwa wakitoka Mombasa kwenda Colombo. Lakini waliorudi hai hawakupangiwa safu mbili. Wako Wakenya waliozitupa nishani zao miaka ya Mau Mau kwa kuogopa kudhaniwa watu wa serikali. Mwezi wa Novemba 2023 Mfalme Charles wa Tatu aliwapa wazee wachache wa Keya nishani nyingine badala yake, katika makaburi ya Kariokor mjini Nairobi. Walipigwa picha siku ile na mashirika ya habari ya dunia nzima. Miaka ilikuwa imepita 78.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, akafika Burma, akarudi mwaka 1946. Alifariki ningali mtoto. Picha yake katika sare haiko. Iliyobaki ni hati ya kuachishwa jeshi, imekunjwa mara nne, na ndani yake karani amelitia jina la kijiji mahali pa jina la baba, na katika jina lake mwenyewe ameandika L palipo na R. Nimekwisha kulitafuta katika orodha mbili kwa herufi za karani na kwa herufi zetu, nisilione.

Jumamosi ile ya Mei, karibu na adhuhuri, aliletwa mzee mmoja mweusi wa Ohio, kitini. Alikuwa katika kikosi cha wahandisi kilichojenga barabara ya Ledo, kutoka India kuingia Burma. Wengi wa askari wa Kimarekani walioijenga walikuwa weusi, na walifanya kazi yao katika vikosi vilivyotengwa na vya wazungu. Alinitajia jina lake kwa herufi. Kisha akaniuliza nitokako, nikamwambia, na nikamwambia habari za Burma na babu. Akataka kuona picha yake. Nikasema sina. Akanyamaza kidogo, akaelekeza kidole kwenye daftari, akasema, "Basi mwandike." Mwenzangu alisita, kwa kuwa hapakuwa na jimbo la kuandika wala nguzo ya kumsimamisha, na nyuma yetu safu ilikuwa ikingoja. Mzee hakusogea. Nikaandika jina la babu chini ya jina lake, kwa herufi zake za haki; kikosi, Keya; mahali, Burma. Nakala ya ukurasa ule ninayo. Mzee wa Ohio ni picha ya 112. Katika mstari unaofuata, penye safu ya namba, mwenzangu alipiga kistari kwa kalamu, akamwita mtu wa 113.